Kesi Tata ya Sosi

Kwenye basi la Fort Worth, bibi aliyepakata mfuko wa nyama ya kuchoma iliyopakwa sosi alikuwa akimweleza mzee asiyemjua kwamba anamshtaki dada yake, Verlene, kwa sababu ya sosi hiyo, kwenye ile mahakama mpya ya jimbo, ya kesi tata za biashara.

Mzee akaguna. "Mama, kugombea sosi na dada yako ni kelele za jikoni tu. Utata uko wapi?"

"Sosi niliitunga mimi, jiko ni lake, na mkahawa una jina la mume wangu wa zamani, ambaye sasa ni shemeji yangu."

Mzee akakuna kichwa. Hata mimi niliyekaa nyuma yao ilibidi nihesabu ukoo huo kwa vidole.

"Lakini majaji wale wamesomea mambo ya makampuni. Watajuaje sosi ni ya nani?" mzee akauliza.

"Wataonja. Verlene akiipika inatoka siki tupu. Hii ni yangu, hebu onja."

Mzee akaonja. Akaonja tena, taratibu, kama jaji. Basi liliposimama mbele ya mahakama, alikuwa akilamba vidole.

"Bado sijashawishika," akasema.

Bibi akachungulia mfuko. "Bwana wee, umemaliza kielelezo changu."