Buti Lililofungwa la Abenicio Trujillo

Marehemu Abenicio Trujillo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 kijijini Truchas, mtoto wa tatu wa mzee Fidel, mkata mbao, na bibi Ruperta. Theluji ilikuwa imefunga njia, mkunga akafika mtoto keshalia. Mama yake alisema ndiyo maana hakuwahi kumngoja mtu amfanyie kazi.

Alisoma hapo hapo Truchas, kisha Española, akamaliza Mei 1969. Mwalimu wa ufundi alimfukuza darasani kwa kufungua injini ya gari la mwalimu bila ruhusa, akamrudisha kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuifunga. Kuanzia 1971 hadi alipostaafu 2013 aliendesha greda la kaunti.

Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na Orlinda Maestas, kanisani Chimayó. Tobías alizaliwa 1976. Novemba 1982 alizaliwa Altagracia, ambaye hakumaliza hata mwezi. Orlinda alimviringisha shali aliyoifuma mwenyewe, akamzika, akarudi nyumbani na kusema jina lile lisitajwe tena mpaka alitaje yeye. Abenicio aliitikia kwa kichwa.

Mwaka uliofuata Abenicio alileta nyumbani gari, Impala ya 1964 iliyookotwa shambani kwa watu, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona majani. Alikata, akachomelea, akapiga msasa hadi bati likang'aa. Alipulizia rangi nyekundu tabaka juu ya tabaka, kila moja akiisugua kwa maji kabla ya nyingine. Viti akavivika mahameli. Akafunga pampu na betri za kulishusha gari mpaka tumbo liguse lami, nalo likajua kupiga goti mbele ya kanisa kila Ijumaa Kuu.

Boneti alimpa Rumaldo, mchoraji wa Chimayó, aweke sura ya bibi Ruperta. Kwetu kila mtu anajua: kwenye gari huchorwa watakatifu na marehemu, na marehemu huchorwa kama alivyo kwenye picha yake ya mwisho. Hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuwa kwenye buti. Buti la Abenicio lilifungwa kwa kufuli, hata kwenye maonyesho, hata gunia la pilipili likose pa kukaa. Mwenye gari zuri kufunga buti lake! Sisi ndugu tulishuku, na tuseme kweli, tulishuku kwa raha.

Mwaka 2003 Orlinda alipita gerejini, akaona kwenye ufa wa mlango uso wa msichana wa miaka ishirini hivi, nywele mabegani, umechorwa ndani ya kifuniko cha buti. Hakumjua.

"Nani yule?"

"Mtu wa kwetu."

"Kwetu wapi? Mimi kwetu nawajua wote, wazima na wafu!"

Abenicio alishika msasa wake akaendelea. Mwaka 2016 shemeji mmoja akachungulia naye, akaja mbio jikoni. "Dada, amembadilisha! Wa sasa ni mtu mzima, kapita thelathini."

"Afadhali," Orlinda akasema, akikanda unga. "Huyu labda atamfundisha adabu." Lakini tangu siku hiyo alihamisha mto wake chumba cha pili, na aliumia sana.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua Abenicio. Orlinda alimuuguza bila kinyongo mkononi, ingawa moyoni kilikuwapo. Abenicio alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 6 Februari 2024.

Desturi ni gari la marehemu litangulie jeneza. Orlinda alikataa. "Huyo mwanamke hatanitangulia kwenda kumzika mume wangu. Kwanza nimwone."

Basi Alhamisi Tobías alikata kufuli. Mwanamke alikuwa pale, na mvi moja moja, amejitanda shali ya njano. Pembe moja ya shali ilikuwa ya samawati. Orlinda aligusa ile pembe, akakaa chini kwenye sakafu ya gereji. Uzi wa njano ulimwishia mwaka ule akifuma shali ya mtoto, akamalizia kwa samawati. Shali ilizikwa, na walioiona vizuri walikuwa watu wawili tu.

Rumaldo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia. "Kila miaka michache alikuja. Ananiambia, 'Mwongeze umri kidogo.' Nikamwambia marehemu hachorwi hivyo. Akasema, 'Huyu hana picha. Na jina lake siruhusiwi kulisema.'"

Orlinda alilia, kisha akajifuta kwa aproni. "Rumaldo."

"Naam, mama."

"Novemba Altagracia anatimiza arobaini na miwili. Mwekee miwani. Sisi kina Maestas tukifika arobaini macho yanatuacha."

Marehemu ameacha mjane, Orlinda; mwana, Tobías; na wajukuu wawili. Amemfuata binti yake Altagracia, ambaye jina lake limechapwa hapa kwa amri ya mama yake. Impala itatangulia, buti wazi. Ikipiga goti langoni, tusimame.

Pumzika, Abenicio. Jina limetajwa.