Mashine Zilizopakwa Mafuta

Kwenye Probox ya abiria ya kutoka Kericho kwenda Kapkatet, nilikaa nyuma ya watu wawili waliojuana pale steji ya magari tu. Nyaberi huuza viatu vya mitumba, na wiki hiyo kanjo, askari wa kaunti, walikuwa wamevibeba vyote kwa sababu hana leseni.

"Serikali ituondokee," alisema. "Hata Mungu alimwachia Adamu achague mwenyewe. Hawa nani amewapa kazi ya kutuchagulia?"

"Wakituondokea, nani atamwambia tajiri kitu?" aliuliza Eucabeth, aliyechuma chai miaka kumi na tisa mpaka kampuni ikaleta mashine za kuchuma. "Nilifutwa, nikapewa siku saba nitoke kwa nyumba yao."

"Shamba ni lao, mama. Mimi pia nimeumia, lakini mali ya mtu ni yake. Uko huru kutafuta kwingine."

Uhuru wenyewe Eucabeth alikuwa ameutia kwenye gunia moja, na lilikuwa chini ya miguu yangu.

"Siku mashine zilipoletwa," alisema Eucabeth, "mchungaji alikuja kuziombea. Alizipaka mafuta moja moja. Na unajua nani aliimba? Sisi wachumaji. Tulifanya mazoezi wiki mbili."

Nyaberi alimgeukia. "Hakuna mtu aliwalazimisha."

"Hakuna."

Gari lilisimama Kapkatet. Nyaberi alishuka, akamshikia mlango. "Haya, Mungu akubariki, mama."

Eucabeth alinigeukia nimpitishie gunia lake. "Alishabariki mashine," akasema.