Sekunde Nane za Soli

Benchi la kahawa lilikuwa mbao mbili juu ya matofali, na lilitazamana na ukuta wa klabu ya ngumi. Asubuhi hiyo ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mpya, unasubiri kuchorwa sura ya marehemu Radi, bingwa wa mtaa. Soli, mshona viatu, alikuwa ameupa mgongo tangu saa moja. Miaka thelathini nyuma alipigana na huyo Radi. Raundi ya pili akamwangusha, mwamuzi akahesabu mpaka nane. Kisha Radi akainuka, akamtwanga hadi raundi ya tano pambano likasimamishwa. Kule kutwangwa mtaa mzima ulikukumbuka. Zile sekunde nane hakuna aliyezikubali, na Soli alizililia miaka yote kama mtoto aliyenyang'anywa titi.

— Mama Birika, nimiminie nyingine, alisema Shahidi, fundi redio ambaye, ukimsikiliza, hakuna pambano, ajali wala harusi iliyompita. Leo nakunywa kwa heshima ya Radi.

— Jana ulikunywa kwa heshima ya mvua, alijibu muuza kahawa, lakini akamimina.

— Ngumi ya Radi, jamani! Nilikuwa mstari wa mbele kabisa. Alirusha moja, upepo wake tu ukazima taa za ukumbi.

— Umeme ulikatika mji mzima, alisema Soli bila kuinua macho kwenye kiatu. Hata hospitali waliwasha mishumaa. Huko nako alirusha ngumi?

— Sasa wewe unashangaa nini? aliingilia Dobi, aliyerithi pasi na maneno mengi kwa baba yake. Mzee wangu ndiye aliyekuwa akimfulia taulo. Radi akikugonga, unasahau jina la mama yako.

— Kuna watu hawakulijua tangu mwanzo, alisema Soli.

— Na yule aliyelala siku tatu hajitambui? alisema Shahidi.

— Juzi ulisema siku moja.

— Juzi nilikuwa sijakumbuka vizuri.

Soli alitupa sindano kwenye kopo.

— Akiwa hai alishinda mapambano ishirini. Tangu tumzike ameshinda mengine kumi na tano! Mimi ninayepumua ndiyo kwanza nazidi kupigwa.

— Wivu huo, Soli.

— Ni wivu, ndiyo! Nimeuficha lini? Mwenzenu nilimwangusha yule. Chini! Magoti yote mawili!

— Aliteleza, alisema Shahidi.

— Aliinama kufunga kamba ya kiatu, alimalizia Dobi.

Walicheka mpaka Mama Birika akashika vikombe visianguke. Soli hakucheka. Marehemu hana mgongo unaouma asubuhi, wala hana mke wa kumwambia unga umebaki kidogo. Kazi yake ni kukua tu. Utashindana vipi na mtu wa namna hiyo?

Ndipo akaja mchoraji, dada mmoja mwenye ndoo mbili za rangi na picha kuukuu mkononi. Hakuwa mtu wa mtaa ule.

— Shikamooni wazee wangu. Katibu wa klabu amenipa hii nichore, kisha akaenda zake. Imekatwa gazetini, na maandishi ya chini yamekwenda na mkasi ili itoshe kwenye fremu. Naona mabondia wawili. Radi ni yupi?

Picha ikapita mkono kwa mkono. Mmoja amesimama, ngumi ya kushoto bado iko hewani. Mwingine amepiga magoti, uso umeangalia sakafu.

Soli alipoipata, aliisogeza karibu na macho. Aliijua ile bukta. Alizijua zile mbavu zilizojitokeza, enzi hizo hana tumbo, ana nywele.

— Radi si ndiye huyo aliyesimama! alisema Shahidi. Mtazame! Bega lile nitalisahau?

— Bingwa anapiga magoti wapi? alisema Dobi.

— Aliyesimama ni mimi, alisema Soli.

Kicheko cha kwanza kilikuwa kidogo. Hiki kiliwatoa machozi.

— Mwanangu, usimsikilize, Shahidi alimwambia mchoraji. Ni kweli walipigana. Ila aliyepigwa ni yeye, mtaa mzima unajua. Kwa hiyo kama mmoja ni Radi, huyo wa magotini ndiye Soli. Hesabu rahisi.

— Nilipigwa raundi ya tano! Hii ni ya pili!

— Na picha imeandikwa raundi? aliuliza Dobi.

Soli akamgeukia Mama Birika.

— Dada yangu, wewe una macho. Nitazame.

Mama Birika akaitazama picha, akamtazama yeye, tumbo na upara na pua iliyopinda.

— Shemeji, alisema kwa upole, huyu kijana ni mzuri.

Mchoraji alikuwa ameshaamua. Alivuka barabara, akaanza kuchora kwa makaa: bega, mkono wa kushoto, kidevu. Soli alisimama nyuma yake akiona sura yake ya ujana ikitoka kwenye chokaa, na juu yake kwa herufi kubwa jina la RADI. Chini yake yule aliyepiga magoti, uso haujulikani.

Mchoraji akageuka, brashi mkononi.

— Mzee wangu, hapa chini ya huyu aliyepiga magoti nafasi ipo. Nikuandikie na wewe jina lako, au niache?

Benchi zima lilimtazama Soli. Yeye alitazama uso wake mwenyewe chini ya jina la Radi, kisha yule aliyepiga magoti. Rangi ilianza kudondoka kutoka kwenye brashi.