Marehemu Yaarub bin Sami na Waya Mwekundu wa Jabal Akhdhar

Marehemu Yaarub bin Sami bin Hamoud alizaliwa Vikokotoni, Unguja, tarehe 4 Machi 1955, mtoto wa tatu wa Bwana Sami na Bi Balqis. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alipofika miaka sita aliifungua redio ya baba yake, akazipanga skrubu zote mkekani, kisha akaifunga tena. Ikalia vizuri kuliko mwanzo. Alichapwa hata hivyo, na hukumu ile aliidharau mpaka uzeeni.

Alisoma Unguja hadi mwaka 1968, familia ilipohamia Hull, Uingereza. Huko, mwaka 1976, alihitimu chuo cha ufundi katika hita za gesi, zile kubwa zinazopuliza joto nyumba nzima. Kumbe hita ya namna hiyo haiwashwi kwa kibiriti! Kwanza feni inavuta hewa. Swichi za usalama zikiridhika, umeme unakwenda kwenye kiwashio, kinaiva kama kaa la moto, ndipo gesi inafunguka. Pembeni kuna kijiti kinachouhisi moto. Kisipouhisi, gesi inafungwa papo hapo. Marehemu aliweza kulieleza hili saa nzima bila kunywa maji. Waliosinzia hawakuelezwa tena.

Alifanya kazi hiyo Hull miaka kumi na tatu, akahamia Maskati, Omani, walikotoka wazee wake, Januari 1989. Watu walicheka sana: fundi wa kupasha nyumba joto, Maskati! Akafungua karakana Sib, akawa anatengeneza majiko ya mahoteli na hita za maji. Tuseme kweli, marehemu alikuwa mtu wa dharau. Aliyeunga nyaya kwa kuzisokota na kuzizungushia tepu alimwita mfunga vidonda. "Huyu hakufunzwa," alikuwa akisema mbele ya mwenyewe, "huyu kaokotwa."

Mwaka 1990 alimwoa Bi Nasriya, wakajenga Hail. Kaka yake Bi Nasriya, Sheikh Aflah wa Mabela, mkurugenzi mstaafu, hakuficha lake. "Dada yetu tunampa mtu wa bisibisi?" alisema siku ya posa, kwa sauti. Kwa miaka thelathini na zaidi alimtambulisha marehemu kwa wageni kama "shemeji yetu, anajishughulisha na mambo ya biashara." Neno fundi halikumtoka.

Sheikh Aflah alipojenga nyumba ya mapumziko mlimani Jabal Akhdhar, ambako wakati wa baridi maji huganda, aliagiza hita ya gesi kutoka nje. Hakumwita marehemu. Alileta kampuni yenye gari zilizoandikwa ubavuni.

Ijumaa, tarehe 6 Januari 2023, baada ya sala, familia ilialikwa huko chakula cha mchana. Wajukuu wanne wa Sheikh Aflah, waliokuwa wamelala pale siku tatu, hawakuja kula. Walikuwa chumbani wamejilaza, wanalalamika vichwa, mmoja ametapika.

"Hewa ya mlimani hiyo," alisema Sheikh Aflah. "Nyepesi. Watazowea."

"Wakitoka nje wanakuwaje?" marehemu aliuliza.

"Wazima," alijibu Bi Nasriya. "Wanacheza."

Marehemu aliacha wali wake, akaenda kwenye stoo ya hita, ukuta mmoja na chumba cha watoto, akafungua kifuniko. Sheikh Aflah akamfuata, mkono umejaa mchuzi.

"Yakhe, mimi nimekwita kula, sikukwita kufungua vitu vya watu!"

"Hii ilikuwa inazima kila mara?"

"Ilikuwa. Kampuni wakaja, wakatia waya, khalas, haizimi tena. Watu wenye leseni hao."

Waya wenyewe ulikuwa mwekundu, mfupi kama kidole, umeunganisha ncha mbili za swichi ya usalama, ile inayoizima hita moshi ukikosa njia ya kutoka. Yaani hita ilikuwa inapiga kelele kwamba kuna hatari, na wenye leseni wakaiziba mdomo. Moshi ule hauna harufu wala rangi. Anayelala nao huenda asiamke.

Marehemu alifunga gesi, akazima umeme, akaukata waya.

"Nna wageni! Nna watoto humu, watakufa kwa baridi!" Sheikh Aflah alifoka.

"Kwa baridi watatetemeka," marehemu alisema. "Kwa moshi huu ndio watakufa. Watoe nje wote, sasa hivi. Fungueni madirisha. Na wewe ukitaka kubaki umpigie simu mkurugenzi mwenzio wa hiyo kampuni, baki."

Sheikh Aflah akaenda kuwabeba watoto yeye mwenyewe, mmoja mmoja. Wakapelekwa hospitali, wakatiwa oksijeni.

Marehemu alibaki na ile hita. Ndani ya bomba la moshi alitoa mfuko wa saruji, umekunjwa na kusahauliwa humo na wajenzi. Alikaza waya wa ardhi uliokuwa unacheza, akasugua kijiti cha kuhisi moto, akapima kila waya. Kabla ya Magharibi aliiwasha. Ikashika mara moja, swichi zote zikifanya kazi yake. Kampuni ilipopigiwa simu ilisema waya ule ulikuwa wa muda tu. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka huohuo alianza kuugua moyo. Sheikh Aflah alikuwa akija Hail kila Alkhamisi, anakaa kitako karibu ya kitanda. Hakuomba radhi, wala hakuulizwa. Ila daktari mgeni alipouliza huyu mgonjwa ni nani, Sheikh Aflah alitangulia kujibu: "Fundi. Fundi wa gesi na umeme." Marehemu akageukia ukutani, akasema, "Miaka thelathini na tatu." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, alfajiri, akazikwa Hail siku hiyohiyo.

Ameacha mjane, Bi Nasriya. Watoto watatu, Mazoon, Loai na Jawaher. Na wajukuu saba. Wapo hai pia wajukuu wanne wa Sheikh Aflah.

Mwenyezi Mungu amghufirie, alipanue kaburi lake, na ampumzishe na watu waliofunzwa, si waliookotwa.