Niliambiwa Nifunge Wakati Chakula Hakipiti

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Itikieni vizuri, maana leo nina shukrani na nina hasira, na vyote nitavitoa hapahapa mbele yenu. Mchungaji naomba asininyang'anye maiki.

Mnanijua, mimi ni Mama Glory wa vitenge, pale Kariakoo. Mwaka jana nyama ilianza kunikwama kifuani. Nikasema ni haraka ya dukani, sitafuni vizuri. Ukafuata ugali, nikawa nausukuma kwa maji. Mwisho hata uji ukawa unarudi. Nikakonda mpaka gauni nililoshonewa harusi ya mwanangu likawa linaning'inia.

Nilikuja kwenu. Mkaniambia nimelishwa kitu usingizini na watu wenye wivu na duka langu. Dawa yake? Kufunga! Mtu ambaye chakula hakipiti, mnamwambia afunge. Na nilifunga, ndugu zangu. Mkanizunguka, mkakemea, na nilipozidi kukonda mkasema pepo liko karibu kutoka. Inaniuma mpaka leo. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nimeenda hospitali.

Aliyeuliza ni Mama Hamisi, Mwislamu wa Lindi, jirani yangu wa duka. Aliniona natema maji niliyotoka kuyanywa. Akasema, "Mama Glory, maji yenyewe hayapiti, sasa unafunga nini?" Akaliacha duka lake na wateja ndani, akaita bajaji, tukaenda hospitali Upanga.

Wakapitisha kamera mdomoni mpaka kwenye umio, ile njia ya chakula. Wakakuta uvimbe. Wakachukua kinyama wakapima, ikawa saratani. Daktari akauliza sigara, akauliza pombe. Situmii. Akauliza chai. Jamani, mimi na chai! Naitaka inayotoka moshi, ikipoa kidogo namrudishia muuzaji. Akasema kujiunguza hivyo kila siku kunaweza kuchangia, ingawa kwangu hakuweza kusema kwa hakika. Akasema wengi wanafika wakiwa wamechelewa, imeshasambaa. Yangu ilikuwa bado. Nikapigwa mionzi, kisha nikapasuliwa. Leo nakula kidogo kidogo, lakini kinashuka. Ni Mungu, na alipita kwa Mama Hamisi na kwa madaktari wale. Mnaotangaza kwamba niliponywa na mfungo, acheni uongo.

Nimalizie. Humu ndani yumo mama mmoja aliyeongoza maombi yangu. Simtaji. Juzi kwenye chakula cha ubatizo nilimwona akisukuma kila tonge la wali kwa soda, halafu akasogeza sahani, akasema yuko kwenye mfungo. Mama yangu, uso ule naujua, nilikuwa nao mimi. Sina kinyongo na wewe. Mtumaini Bwana, na kesho asubuhi uje dukani kwangu, twende wote Upanga. Kuanzia leo usiku usile kitu, kipimo kile kinataka tumbo tupu. Huo mfungo nitaufunga na wewe.