Choo Kisicho na Mlango cha Uwanja wa Los Jobillos

Mheshimiwa Meya Fulgencio Peralta, tuliyekutazamia asubuhi na, Mungu si Athumani, umetufikia mchana. Padre Anselmo, uliyewahi kuliko sisi sote. Daktari Milagros Tavárez wa zahanati yetu. Ndugu makocha wa vijana, mliokuja kwa moyo na mliokuja kuangalia nani mwingine amekuja. Mama zangu wa kamati. Wageni waalikwa, na nyie mliosikia harufu ya mbuzi mkajialika. Vijana wetu wa besiboli. Na wewe Joendry, mjukuu wangu, uliyeketi mstari wa mbele na chupa ya maji, ambaye nakuomba usiende popote.

Nimepewa heshima kubwa, ambayo sikuiomba na ambayo watu watatu waliikataa kabla yangu, ya kutangaza mbele ya kanisa, mbele ya halmashauri ya mji na mbele ya umma wote wa Los Jobillos kwamba leo tunafungua choo.

Ni choo cha tundu moja. Kina kuta tatu, paa la bati na beseni la kunawia. Mlango hakina. Utepe huo mwekundu umefungwa pale ambapo mlango ungekaa, kwa hiyo Mheshimiwa akishaukata hapatabaki kitu. Fundi wetu, Mzee Toño, alipouona mchoro alinifuata mpaka kwenye meza ya dhumna. “Kipofu,” akaniambia, maana ndilo jina mlilonibatiza tangu nilipoanza kuamua mechi zenu, “Kipofu, hiki ni choo au kituo cha basi?”

“Ni cha kupimia, Toño.”

“Kupimia nini?”

“Ukweli.”

Akautazama tena mchoro. “Basi kwa mji huu tundu moja halitoshi.”

Mheshimiwa Meya, ndugu wageni, mimi sikusoma sana. Elimu yangu niliipata nimechuchumaa nyuma ya mdakaji, na mtu akichuchumaa pale kwa miaka mingi hujifunza kutazama vitu viwili: mpira unapopita, na watu wanapogeuza macho pembeni. Hicho cha pili ndicho kilichonileta mbele yenu. Niliona vijana ambao Pasaka walikuwa wembamba kama mabua ya miwa, na Krismasi ilipofika shingo zao zilikuwa zimepotea, hujui kichwa kinaishia wapi na bega linaanzia wapi. Niliona migongo iliyojaa chunusi kama ganda la nanasi. Nilipouliza, nikaambiwa ni ndizi za kukaanga. Ndugu zangu, mimi nimekula ndizi za kukaanga tangu nilipoota meno. Nitazameni.

Vumilia, Joendry. Kaa.

Sasa niwaulize jambo. Lile duka la dawa za mifugo pale kona linauza sindano za farasi kila wiki, na kila wiki zinakwisha. Farasi wa mji huu tunawajua kwa majina. Mnene kuliko wote ni yule anayevuta mkokoteni wa muuza mihogo, na mbavu zake unaweza kuzipigia ngoma. Kama dawa hiyo anachomwa yeye, mbona anapanda mlima wa kanisa akisukumwa? Na kama hachomwi yeye, nani anachomwa? Mnacheka. Chekeni. Lakini naona kuna benchi moja halicheki, na hilo ndilo ninalozungumza nalo.

Nani kati yenu hakuwepo kwenye sherehe ya Radhamés? Mtaa mzima ulikuwepo. Spika zilipangwa kufika dirishani, mbuzi wawili walichinjwa, na mama yake, Mama Eridania, alicheza mpaka viatu vikamkimbia. Mwanawe amesaini mkataba na timu ya kaskazini, ng'ambo ya bahari, akiwa na miaka kumi na sita, mlinzi wa katikati mwenye mikono ambayo sijaiona tena. Baadaye akaja yule bwana wa vipimo na kikombe chake. Kisha simu ikapigwa. Mkojo una steroidi, dawa ya kukuza misuli, mkataba umefutwa. Siku hiyo spika hazikuwashwa, na hakuna aliyekwenda kuuliza kwa nini.

Mama Eridania alikwenda mpaka kwa Kocha Mota, akamkuta getini. Mimi nilikuwa napita, nikapunguza mwendo.

“Mota, ulimchoma nini mwanangu?”

“Vitamini, Mama. Za kumpa nguvu.”

“Chupa yake ina picha gani?”

“Picha? Sikumbuki picha.”

“Mimi nakumbuka, niliiokota chini ya kitanda. Ina picha ya farasi, Mota. Tazama tumbo hili. Mimi nilizaa farasi?”

Kocha Mota yuko nasi leo, ameketi karibu na chungu cha mbuzi, na napenda kumsifu hadharani kwa sababu sifa zake ni za kweli. Ni kocha hodari. Jua huchomoza likamkuta uwanjani. Amewalisha watoto wa watu, amewanunulia viatu, amewafundisha kurusha, kuteleza na kusalimia wakubwa. Na kijana wake akisaini, yeye huchukua sehemu yake kama desturi yetu ilivyo. Na kijana wake akiharibikiwa, hutafuta kijana mwingine, kama desturi yetu ilivyo pia. Sikusema ni mtu mbaya. Nimesema ni mtu wa hapa hapa kwetu.

Na Radhamés? Radhamés ni kibarua wa Mzee Toño. Matofali ya kuta hizi tatu ameyapanga yeye. Nilipomwuliza kama kweli anakubali pasiwe na mlango, aliweka mwiko chini. “Mwamuzi,” akasema, “siku ile yule bwana alisimama pembeni yangu akanitazama kama mtu anayesubiri basi. Nilifikiri nimekosa hata kabla hawajapima. Wadogo zangu wazoee hapa, kwa watu wao.” Nikamwambia asiongeze hata tofali moja.

Basi sikilizeni kanuni, na atakayeipinga anipinge leo, uso kwa uso. Kuanzia sasa hakuna kijana wa uwanja huu atakayesimama mbele ya wasaka vipaji kabla hajasimama humu. Siku haitatangazwa, ya leo tumeitangaza kwa sababu ya mbuzi. Muuguzi Licinio ndiye atakayeshuhudia, na amekubali, ingawa mkewe bado anamcheka. Kikombe kitafungwa na kupelekwa maabara mji mkuu. Na majibu atakabidhiwa mama mzazi, mkononi mwake, si kocha. Kwa nini si kocha? Daktari Milagros aliniambia siku ya kwanza kabisa: “Ukimpa kocha majibu, utakuwa umemfundisha siku ya kuacha sindano, si kuacha sindano.” Daktari, hilo lilinikosesha usingizi, na sikukushukuru wakati ule. Nakushukuru sasa.

Najua mnachonong'onezana huko nyuma. Kocha Mota, kwa heshima yake, hakunong'ona. Alikuja mpaka kibarazani kwangu.

“Kipofu, kijana akinaswa humu atangoja mwaka mzima. Wale wanataka wa miaka kumi na sita. Wa kumi na saba ni mkate wa jana.”

“Mkate wa jana unalika, Mota. Wenye sumu hauliki.”

“Rahisi kusema. Hasa kama kijana aliye mlangoni si wako.”

Ndugu zangu, pale alinipata. Kwa sababu kijana aliye mlangoni ni wangu. Joendry ana mkono wa kushoto ambao umewaleta wazungu watatu hapa na kofia zao, na baada ya Krismasi, katikati ya Januari, anatakiwa kusaini. Na kocha wake ni Mota.

Leo asubuhi mama yake, mkwe wangu Yajaira, aliweka kahawa mezani kwa kishindo. “Baba, kwa nini aanze wetu? Aanze wa mwingine. Subiri asaini, halafu ufungue vyoo nchi nzima.” Nami nilikuwa nimewaza hivyo hivyo usiku kucha. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, na Mama Eridania yuko pale, mwulizeni kama nasema uongo.

Nikamgeukia kijana mwenyewe. “Umewahi kuchomwa sindano?”

“Ndiyo, babu.”

“Ya nini?”

“Sikuuliza.”

“Kwa nini hukuuliza?”

Akaacha kutafuna. “Babu, wewe ungekuwa na miaka kumi na mitano, ungemwuliza kocha?”

Sitamtazama sasa hivi, nisije nikamwaibisha mbele yenu. Nasema tu kwamba nimewatoa wachezaji uwanjani kwa majibu mepesi kuliko hilo, na hilo sikuweza kulitoa. Hajui. Mama yake hajui. Mimi sijui. Huenda Mota mwenyewe hajui chupa ile ilikuwa na nini ndani, maana kilichoandikwa nje ni habari za farasi. Je, tungoje mpaka ajue mgeni kwanza, kisha atupigie simu? Kikombe chao kikisema ndiyo, jina la mtoto limekwisha. Kikombe chetu kikisema ndiyo, atakaa kwangu mwaka mzima, atakula maharage, atarusha mpira kwa nguvu zake alizopewa na Mungu, na akisaini akiwa mkate wa jana, atasaini. Kikisema hapana, aende, na mbuzi nitamchinja mwenyewe. Nimeamua. Mmenizomea miaka yote hii kwa maamuzi yangu, na hakuna hata moja nililolirudisha. Hili nalo halirudi. Kama itabidi nikae kwenye kiti hiki mpaka giza liingie, nitakaa, na Licinio atakaa nami.

Kilichobaki ni shukrani. Mama wa kamati, mmekaanga maandazi kila Jumapili mpaka saruji ikapatikana. Ukuta huu ukinuka mafuta tutajua sababu. Padre, ulitafuta kitabu kizima sala ya kubariki choo, ukakosa, ukachagua ile ya visima. Nina hakika huko juu wameelewa. Mzee Toño na Radhamés, kuta zimesimama. Mheshimiwa Meya, ulituahidi jengo la ghorofa, na hukututupa mkono kabisa: umekuja na mkasi.

Basi, ndugu zangu, mmenitegea masikio juani, mbuzi akinukia, na hamkunirushia hata ganda la chungwa. Kwa mwamuzi hiyo ni heshima kubwa kuliko nishani. Asanteni sana. Mheshimiwa, karibu kwenye utepe. Licinio, shika kikombe. Na sasa namwita mtu wa kwanza wa Los Jobillos kusimama mahali hapa bila kificho. Joendry, mjukuu wangu, inuka.

Joendry?

Naambiwa ameshakwenda haja ndogo, nyuma ya gari la Meya, nilipokuwa kwenye habari za farasi.