Supu Niliyoirudisha Mlangoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe pia na wale walionuna waliponiona nikisimama.

Mnanijua, mimi ni Mama Mwende wa Kariobangi. Mume wangu Mutiso ni dereva wa lori, na mnajua alivyoipenda nyama. Ushirika wa nyumba kwa nyumba ulipofika kwetu mlikula mbuzi, mkasema hapa ni kwa watu waliobarikiwa. Ndiyo ibada yetu siku hizi, ndugu zangu: penye nyama nyingi ndipo penye Mungu mkubwa!

Kisha miguu ya Mutiso ikafura. Kidole gumba kiliwaka hivi kwamba hata shuka likikigusa analia. Mwanamume aliyeendesha lori mpaka Malaba akawa anatambaa kwenda choo! Daktari akasema ni gauti, na figo zimeanza kulemewa. Aache nyama na supu, la sivyo hatasimama tena.

Nikaanza kumpikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kunde kutoka kwa dada yangu Machakos, anayelima kwa samadi tu. Mkono uliopanda ninaujua. Nyama ya bucha ya mtaani kwetu inaning'inia kutwa nzima na nzi hata mmoja hatui! Nani anajua imepakwa nini?

Mutiso akaanza kukanyaga chini. Lakini ninyi mkaja kumwona mgonjwa, na mgonjwa haendewi mikono mitupu, kwa hiyo mkaleta supu ya mifupa. Leo huyu, kesho yule. Yeye anakunywa kwa furaha, kukicha ni vilio. Huko nje mkasema namlisha mzee majani.

Siku moja Baba Njoroge, kiongozi wa ushirika wetu, akabisha na sufuria mkononi. Kumrudishia mgeni chombo kitupu ni aibu, kumrudishia na chakula chake ndani ni tusi. Nikaomba kimoyomoyo, Yesu, niondolee woga huu! Nikasimama mlangoni.

“Baba Njoroge, asante, lakini rudi nayo.”

“Mama Mwende, kwani unataka mzee wetu akufe njaa?”

“Ni hii supu inamuua. Peleka nyumbani mkunywe na watoto.”

Majirani wa ploti nzima walitoka kutazama. Baba Njoroge akashuka ngazi na sufuria yake imejaa. Ndugu zangu, woga wa macho ya watu uliniachia saa ileile na haujarudi. Haleluya!

Mutiso alininunia. Acha anune! Uvimbe ukashuka, akasimama, na sasa amerudi kwa lori lake. Krismasi tulikula kuku mmoja wa dada yangu, tukashiba.

Lakini tangu siku ile ushirika haujakanyaga kwetu. Zamu yetu inarukwa. Kumbe mlikuwa mkimfuata mbuzi, na mimi nilidhani ni maombi! Inaniuma, siwafichi.

Hata hivyo namshukuru Mungu aliyeniachia mume. Wewe mwenye mgonjwa nyumbani na unaogopa kusemwa, mwamini Bwana, simama mlangoni pako. Na Alhamisi hii ni zamu yetu tena. Nitapika mbaazi. Njooni, na Mutiso mwenyewe atawafungulia, akiwa amesimama.